Sura ya Sita: Moto Haubahatishi

Mtu anayesimama mbele ya tanuri la raku kwa mara ya kwanza humwona mfinyanzi akiinua kifuniko, akiingiza koleo refu na kutoa bakuli jekundu linalong'aa kwa joto. Swali lake huwa ni lile lile: mbona halipasuki? Limetoka kwenye nyuzijoto 1,000 za Selsiasi, likaingia kwenye upepo wa jioni kwa pumzi mbili tatu, nalo bado ni zima.

Jibu halimo kwenye koleo wala kwenye moto. Limo kwenye udongo, na liliwekwa humo siku nyingi kabla ya njiti ya kiberiti kuwashwa. Nalisema mapema kwa sababu vitabu vingi vya raku vilivyoandikwa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960 vimeifanya sanaa hii ionekane mchezo wa bahati nasibu: tumbukiza chombo kwenye moshi, funika, kisha ngoja uone moto umeamua kukupa nini. Sikubaliani na mafundisho hayo, na nadhani yamewaharibia wanafunzi wengi. Mafundi wakubwa wa njia hizi walijua moto utawapa nini. Walijua kwa kuwa walikwisha kuuandalia kazi.

Tuanze basi na udongo. Udongo laini uliochujwa sana, ukichomwa kwa joto kubwa, hushikana ukawa kitu kimoja kigumu kinachokaribia kioo. Upande mmoja ukipoa na kusinyaa kabla ya upande wa pili, hakuna nafasi ya kupumulia, na ufa ukianza hupita moja kwa moja hadi ng'ambo. Udongo wa raku hutengenezwa kinyume cha huo. Mfinyanzi huuchanganya na mchanga, au na vigae vya vyungu vilivyovunjika akavisaga, kiasi cha sehemu moja kwa kila tatu au nne za udongo. Chembe hizo huacha vinyweleo ndani ya ukuta wa chombo, na ufa mdogo unaojitokeza hufika kwenye chembe ukakwama hapo. Tena chombo huchomwa kwa joto la wastani tu, kisifike kiwango cha kuziba vinyweleo hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshaanza kutikisa kichwa, maana huu ndio udongo wa chungu cha kupikia. Chungu kinachokaa juu ya mafiga huku chini kuna ndimi za moto na ndani kuna maji yaliyochotwa asubuhi, kinafanyiwa kila siku jambo linalofanana na lile la bakuli la raku. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema, hawahitaji kuelezwa habari za vinyweleo. Chungu kisichostahimili mafiga hakirudiwi na mnunuzi. Kwa hiyo anayetaka kujifunza raku akiwa Kyela, Murang'a au Unguja, asikimbilie kuagiza udongo wa mifuko kutoka ng'ambo. Amtafute mama anayefinyanga, amsalimu kwa adabu, amnunulie kazi yake kwanza, kisha amuulize udongo unachimbwa wapi na huchanganywa na nini. Nusu ya somo itakuwa imekwisha.

Raku yenyewe ilizaliwa Kyoto, Japani, katika karne ya 16. Fundi anayetajwa kuwa wa kwanza ni Chōjirō, aliyefariki mwaka 1589. Alikuwa mtengenezaji wa vigae vya paa, na masimulizi ya ukoo wake yanasema baba yake alitoka China. Aliyempa kazi ni Sen no Rikyū, bingwa wa ibada ya chai aliyemtumikia mtawala Toyotomi Hideyoshi. Rikyū alitaka bakuli la kunywea chai ndani ya chumba kidogo chenye mwanga hafifu: bakuli lisilo na madoido, lililofinyangwa kwa viganja bila gurudumu, linalotulia mikononi mwa mgeni. Chōjirō akampa bakuli jeusi na bakuli jekundu. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue, lakini mabakuli yalibaki, na ukoo wa Raku ungali unafinyanga Kyoto hadi leo. Mrithi wa kizazi cha 16 alipokea jina la ukoo mwaka 2019.

Bakuli jeusi la Kyoto huchomwa peke yake, moja baada ya jingine. Tanuri ni dogo, kuni yake ni mkaa, na hewa husukumwa kwa mivukuto mpaka joto likaribie nyuzijoto 1,200. Glezi, yaani ule uji wa madini unaopakwa juu ya chombo ili ukichomwa uyeyuke na kuwa ngozi ya kioo, hutokana na mawe yenye chuma ya mto Kamo. Glezi ikiiva, bakuli hutolewa kwa koleo na kuachwa lipoe hewani. Kule kupoa kwa ghafla ndiko kunakoihifadhi rangi yake nyeusi. Alama ya meno ya koleo hubaki ubavuni, na wapenzi wa chai huithamini.

Hapo hakuna majani, hakuna vumbi la mbao, hakuna pipa la moshi. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Jambo jingine linalonigusa zaidi ni kwamba ukoo huo huweka akiba ya udongo kwa ajili ya watakaokuja. Mfinyanzi wa leo hutumia udongo uliohifadhiwa na wazee waliomtangulia, na yeye huwawekea wajao. Watu wanaochimba udongo leo ili uchomwe na kizazi ambacho hakijazaliwa hawawezi kuitwa wacheza kamari.

Namna gani basi moshi uliingia? Mwaka 1911 Mwingereza kijana, Bernard Leach, alihudhuria mkusanyiko mmoja mjini Tokyo ambapo wageni walipewa vyombo visivyo na glezi wavichore. Vyombo vikapakwa glezi, vikatiwa tanurini, na haukupita muda mrefu vikatolewa vikiwa vyekundu kwa moto. Leach akaamua hapo hapo kuwa mfinyanzi. Mwaka 1920 alianzisha karakana St Ives, Uingereza, pamoja na Hamada Shōji, na mwaka 1940 akatoa A Potter's Book, kitabu kilichowafikia wafinyanzi wengi wasioweza kufika Japani. Mmoja wao alikuwa Paul Soldner, mwalimu wa Scripps College huko Claremont, California. Mwaka 1960 alijaribu raku kwa kufuata maelezo ya Leach, hakupendezwa na glezi zilivyotoka, akakibiringisha chombo cha moto kwenye majani ya mpilipili yaliyoanguka chini. Majani yakashika moto, moshi ukaingia kwenye nyufa za glezi, na chombo kikapata sura ambayo hakikuwa nayo. Raku inayofundishwa leo kwenye vyuo vya Marekani, Ulaya na hata Nairobi kwa sehemu kubwa ni mtoto wa jioni ile ya California, siyo wa Kyoto. Siioni kuwa dhambi. Lakini anayejifunza ajue ni ipi anayojifunza, asije akaliita pipa lake la maranda mila ya kale ya Wajapani.

Sasa kazi yenyewe. Tanuri la mwanafunzi linaweza kuwa pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa juu, likatandikwa ndani blanketi la nyuzi za kauri, likatobolewa tundu chini kwa ajili ya kichomeo cha gesi na tundu juu ya kifuniko pa kutokea moto na pa kuchungulia. Matofali mawili matatu huinua rafu ya kuwekea vyombo ili ndimi za moto zisivipige moja kwa moja. Vumbi la blanketi hilo ni baya kwa mapafu. Vaa barakoa unapolikata, na usikae ukalipapasa bila sababu.

Vyombo huchomwa mara mbili. Moto wa kwanza ni wa subira. Maji yaliyobaki kwenye udongo lazima yatoke polepole kabla ya kufika nyuzijoto 100, ama sivyo mvuke utakirarua chombo. Yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe hutoka baadaye, kuelekea nyuzijoto 600. Karibu na hapo, kwenye nyuzijoto 573, mchanga wa kwazi hutanuka kwa ghafla, na ukipoa husinyaa kwa ghafla vile vile. Anayepita kiwango hicho kwa haraka katika moto wa kwanza hupata nyufa nyembamba ambazo hataziona mpaka siku ya raku yenyewe, halafu ataulaumu moto wa pili. Moto huo wa kwanza huishia karibu na nyuzijoto 1,000.

Moto wa pili ni wa haraka, mara nyingi chini ya saa moja, na shule yake ni macho. Chungulia kwenye tundu. Glezi yenye boraksi huanza kwa kujikunja, kisha huchemka na kutoa mapovu, kisha mapovu hutulia na uso wa chombo ukalainika, ukang'aa kama uliomwagiwa maji. Hapo zima gesi. Kipimajoto husaidia, lakini kinapima hewa ya tanuri mahali kilipochomekwa, na chombo kilicho upande wa pili kinaweza kuwa nyuma. Ukitoa glezi ikiwa bado na mapovu, mapovu hayo yatabaki kama vishimo vyenye ncha kali. Ukichelewa sana, glezi itateremka na kukigandisha chombo kwenye rafu.

Kisha huja koleo, na pipa lenye maranda au nyasi kavu. Hapa ndipo wanaohubiri bahati nasibu husema tuache moto uamue. Tazama badala yake kinachotokea. Maranda yanashika moto, kifuniko kinafungwa, na moto unakosa oksijeni. Kwa kuwa hauipati hewani, unaitafuta kwingine, na kwingine ni kwenye glezi na kwenye udongo wenyewe. Shaba iliyotiwa kwenye glezi ilikuwa imeshikana na oksijeni na kuwa na rangi ya kijani au feruzi. Ikinyang'anywa, hurudi kuwa shaba halisi, nyekundu yenye mmeto. Chuma kilichoufanya udongo uwe mwekundu nacho hupoteza sehemu ya oksijeni yake na kugeuka cheusi. Kaboni ya moshi hupenya kila mahali ambapo udongo haukufunikwa na glezi, ikaweka weusi usiotoka kwa kusuguliwa. Mchoma mkaa anayelifukia rundo la magogo kwa udongo na kuziba matundu yanayofuka anaifahamu kanuni hii kuliko mhitimu wa sanaa: mwenye kuitawala hewa ndiye mwenye moto.

Glezi nyeupe yenye nyufa ni mfano mzuri wa utawala huo. Glezi hiyo husinyaa kuliko udongo inapopoa, ndiyo maana hupasuka. Kama chombo kitaingizwa kwenye moshi mara tu kinapotolewa, nyufa zitakuwa hazijafunguka, na moshi hautakuwa na pa kuingilia. Ukikiacha hewani sekunde kadhaa ukikisikiliza, utasikia mlio mwembamba wa glezi ikipasuka. Ndipo ukiweke kwenye maranda. Urefu wa kusubiri, upepo unaokipiga, hata upande unaouelekeza kwenye upepo, vyote huamua nyufa zitakuwa kubwa au ndogo na zitakaa wapi. Fundi aliyezoea anaweza kuupa ubavu mmoja wavu mzito wa mistari na ubavu wa pili utulivu mtupu.

Waliofika mbali zaidi katika kuutawala moshi hawakuitumia raku kabisa. Maria Martinez, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1980, alikuwa mfinyanzi wa kijiji cha San Ildefonso huko New Mexico. Yeye na mumewe Julian walisugua vyungu kwa kokoto laini mpaka vikang'aa, wakavichoma juu ya ardhi kwa kuni na samadi kavu, na moto ulipofika mahali pake wakaufukia kwa samadi ya farasi iliyosagwa. Moshi ulizuiliwa ndani na vyungu vyekundu vikatoka vyeusi tititi. Mnamo mwaka 1919 au 1920 Julian alianza kuchora kwa tope laini juu ya sehemu zilizosuguliwa kabla ya kuchoma. Baada ya moto, mchoro hukaa mweusi usiong'aa juu ya weusi unaong'aa. Moto wao ulikuwa wa joto la chini kwa makusudi, kwani joto likizidi, mng'ao wa kusugua hufa. Tumezoea kupima ufundi kwa ukubwa wa joto, tukidhani kauri ya joto la juu ni ya maendeleo na chungu cha moto wa wazi ni cha umaskini. Weusi wa Maria hauwezi kupatikana kwenye joto la kaure.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusoma sanaa. Katikati ya muongo huo alisafiri hadi mji wa Nigeria uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao leo ni Suleja, kwenye kituo cha mafunzo kilichoanzishwa na Michael Cardew, akajifunza kufinyanga kwa mkono kwa wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali mashuhuri. Baadaye alifika pia New Mexico kuiona kazi ya Maria Martinez. Vyombo vyake havina glezi. Huvijenga kwa kuinua udongo pole pole, huvikwangua, huvipaka tope laini kabisa, huvisugua, kisha huvichoma kwenye hewa ya kutosha mpaka viwe na rangi ya chungwa. Vile anavyotaka viwe vyeusi huvichoma mara ya pili vikiwa vimefungiwa ndani ya kasha la udongo wa kustahimili moto pamoja na vipande vya mbao. Udongo ule ule hutoa rangi mbili, na tofauti yake ni hewa tu. Vyombo hivyo sasa vimo British Museum na kwenye makumbusho mengine makubwa, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame. Ningependa kila shule ya sanaa Kenya na Tanzania ianze somo la moto kwa picha za kazi yake.

Kasha hilo lina matumizi mengine. Chombo kikizungushiwa humo chumvi, maganda ya ndizi, nyuzi za shaba au mwani, mivuke ya vitu hivyo huacha mawingu ya waridi, kijivu na manjano. Wengine hutumia singa za farasi: chombo kilichosuguliwa hutolewa tanurini, na singa ikiguswa juu yake huungua na kuacha mstari mweusi wa kaboni. Joto likizidi, kaboni nayo huungua na mstari hufutika. Likipungua, hubaki masizi yanayofutika kwa kidole. Nafasi kati ya mawili hayo ni ya dakika chache. Ipo pia raku ya uchi, iliyokuzwa na Mwingereza David Roberts kati ya wengine, ambamo chombo hufunikwa tope na glezi inayopasuka, moshi hupita kwenye nyufa, kisha ganda lote hubanduliwa na kuacha mistari myeusi juu ya ngozi nyeupe.

Njia ninayoipendekeza kwa asiye na gesi ni ya vumbi la mbao. Jenga kasha la matofali au tumia pipa lenye matundu, panga vyombo vilivyokwisha kuchomwa mara moja, jaza vumbi kutoka kwa mpasuaji mbao, washa kwa juu, funika. Litafuka hadi kesho yake. Gharama yake ni ndogo, na inamfundisha mwanafunzi kuyasoma mawingu ya moshi kwenye chombo na kuyafuatilia hadi kwenye tundu lililoingiza hewa.

Kutoka Ulaya ya mashariki imekuja njia iitwayo obvara. Unga, sukari na hamira hukorogwa kwa maji na kuachwa vichache siku kadhaa, na chombo kinachowaka hutumbukizwa humo. Wanga huungua juu ya udongo, ukaacha madoa ya kahawia na kuziba vinyweleo. Nyumba nyingi za kwetu hupika uji kwenye chungu kipya kabla ya kukitumia, na kazi ya wanga humo ni ile ile. Wagwari nao huvirushia vyungu vya moto maji yaliyochemshwa kwa maganda ya kunde za miti.

Kuhusu usalama sitabembeleza. Vaa pamba, siyo nailoni, maana nailoni huyeyukia mwilini. Glovu ziwe za ngozi na ndefu, viatu vifunike mguu, nywele zifungwe. Simama upande unakotoka upepo. Moshi wa pipa lililofungwa una monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na huua, kwa hiyo kazi hii haifanywi ndani ya chumba wala chini ya paa lililozungushiwa kuta. Kifuniko kikifunguliwa mapema, gesi iliyokusanyika inaweza kulipuka usoni.

Linabaki suala la matumizi, na hapa wauzaji wengi hunyamaza. Chombo cha raku ya moshi si cha chakula. Ukuta wake huvuja, glezi yake ya joto dogo imejaa nyufa, na shaba iliyomo inaweza kutoka pole pole kwenye kitu kichachu kama embe bichi au siki. Mapishi ya glezi ya miongo ya mwanzo yalikuwa hata na risasi, na bado yanazunguka kwenye vitabu vya zamani. Chungu cha moto wa wazi kisicho na glezi, kilichofinyangwa kwa udongo safi, hakina matatizo hayo ya glezi, nacho kitapika maharage miaka mingi. Tena mmeto wa shaba usio na glezi ya kuufunika hufifia, kwa kuwa oksijeni iliyonyang'anywa siku ya moto hurejea kidogo kidogo, na chombo kilichonunuliwa kikiwa chekundu huonekana cha kijani baada ya miaka. Anayeuza amwambie mnunuzi mambo yote mawili kabla ya kupokea fedha, na chini ya chombo, udongo ukiwa bado mbichi, achore: si cha chakula.